TAHADHARI kwa wanaoagiza gari Japani: nimepigwa mchana kweupe

Wadau, ile pesa ya shamba la Mbarali imeliwa. Dola 3,150, zote.

Gari ilikuwa Toyota IST ya 2005, nyeusi, chasisi ya NCP61, yaani cc 1500. Picha 24, mpaka chini ya zulia la buti, mpaka karatasi ya mnada yenye alama ya 4, yaani gari iko katika hali nzuri. Na yule "meneja mauzo" anaandika Kiswahili kilichonyooka: "Shikamoo kaka mkubwa, kuna mteja wa Zambia anaitaka, nakushikia hadi saa kumi." Shikamoo! Mtu yuko Yokohama anakuamkia, utamshuku vipi? Mama Neema aliuliza mbona bei imelegea hivyo. Nikamwambia anyamaze, magari hayajui. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hela.

Saa tisa na robo niko benki. Dada wa kaunta akanirudishia fomu: "Kaka, kampuni ya Japani, akaunti mbona ya jina la mtu, tena benki ya Uingereza?" Nikampigia jamaa hapohapo, akacheka, eti hiyo ni ya mkurugenzi wa fedha, ya kampuni inakaguliwa. Nikasaini. Tena nikamshukuru, mjinga mimi!

Baada ya siku tisa ikaja BL, ile hati ya kuonyesha gari limepakiwa melini. Wakala wangu wa forodha pale Dar akaiulizia namba yake kwa wenye meli: haipo. Hata chasisi iliyoandikwa inaanza na NCP60, ambayo ni cc 1300. Nilikuwa nayo kwenye simu siku mbili nzima, sikuisoma.

Watu hawa ni wa kufungwa na kusahaulika huko. Wangekuwa wamekwapua simu stendi wangeshapata kipigo chao, lakini kwa kuwa wanaiba kwa kompyuta wanalala usingizi. Polisi nimeripoti, benki nimeomba wairudishe, majibu ni "subiri".

Basi angalieni: akaunti iwe ya jina la kampuni na iwe Japani. Jina la kampuni litafuteni kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wanaouza nje magari yaliyotumika ya Japani; hawa wangu hawamo. Ombeni video gari ikiwashwa, na karatasi yenye jina lako juu ya boneti. Wangu alisema yadi ina mvua. Wiki nzima mvua!

Mwenye proforma (ankara ya awali ya kulipia gari) kutoka kwa huyu wa "kaka mkubwa" anitumie, tuzipeleke polisi kwa pamoja.