TAHADHARI: Shokapu "mpya" zilizopakwa rangi, na fundi anayesema miguu yote imekufa

Wadau wenye IST, Vitz, Premio, Corolla na nyingine za umri huo, mchezo wenyewe unaanzia gereji, dukani ni kumalizia tu.

Gari inagonga miguu kwenye barabara ya vumbi. Fundi anapiga jeki, anachomeka mtaimbo kwenye bushi (raba za maungio ya miguu), anatikisa: "Bosi, hapa hakuna mguu. Shokapu nne, bushi zote, boljointi." Anakupeleka kwa mtu wake, na bei unayotajiwa tayari ina cha juu chake. Unachouziwa ni shokapu za mtumba zilizooshwa kwa dizeli, zikapuliziwa rangi nyeusi na kuingizwa kwenye boksi jipya. Mbaya kuliko zote ni zile zilizotobolewa, zikajazwa mafuta ya gia, tundu likachomelewa. Mafuta ya gia ni mazito kuliko ya shokapu, kwa hiyo siku za mwanzo gari inakaza na wewe unaona umepata mali. Ila sili (raba inayozuia mafuta yasitoke) na vali za ndani ni zile zile zilizochoka. Zikipata moto wa safari ndefu, sili inaachia.

Huo mtaimbo usikutishe. Bushi ni raba, ukiikandamiza itacheza hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Angalia kama raba imechanika mpaka ndani au imebanduka kwenye chuma chake. Vinyufa vya juu juu si hoja.

Anza na vitu vya bei ndogo. Mlio wa ko-ko-ko kwenye vijishimo, mwendo mdogo, mara nyingi ni linki za stebilaiza (vifimbo vinavyounganisha mguu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona): shika linki kwa mkono gari ikiwa chini, itikise, ikigonga, imekwisha. Gari ikilia ukizungusha usukani imesimama, weka kiganja kwenye springi huku mwenzako akizungusha. Springi ikiruka kwa kishindo, tatizo ni maunti ya juu (kikalio kinachoshika shokapu kwenye bodi) na beringi yake. Kwa boljointi (kiungo cha kichwa cha duara kinachoshika tairi kwenye mkono wa chini), nyanyua bodi mpaka tairi ining'inie, weka stendi (jeki peke yake hapana), pitisha mtaimbo chini ya tairi na uinyanyue taratibu huku mwingine akitazama maungio. Tairi ikicheza juu na chini, mtu akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi ya tairi, ukibaki tafuta kwenye boljointi. Hii ndiyo spea pekee hapa isiyosubiri mwisho wa mwezi, maana ikichomoka barabarani tairi inalala na usukani huna.

Shokapu yenyewe ikiwa na unyevunyevu wenye vumbi karibu na sili, hiyo ni kawaida. Mafuta yakichirizika hadi chini, tairi ikiliwa mabonde mabonde, au gari ikiinamisha pua sana ukikanyaga breki, hapo badilisha. Kubonyeza boneti na kuhesabu inavyodunda hukamata shokapu iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu inapita. Na hubadilishwa kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili. Nne kwa mpigo si lazima.

Ukifika dukani, itoe kwenye boksi mwenyewe. Pitisha ukucha kwenye rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu): kromu iwe laini, bila vishimo vya kutu wala mikwaruzo ya msasa. Rangi kwenye nyuzi za nati au kwenye mdomo wa sili ni alama ya mtu aliyepuliza shokapu ikiwa nzima. Geuza utazame kitako na ubavuni, tafuta kidonda cha kuchomelea au sehemu iliyosagwa. Linganisha namba ya boksi na iliyogongwa kwenye mwili. Kwa namba za Toyota, 48510 huanzia ya mbele kulia, 48520 mbele kushoto, 48530 ya nyuma. Boksi la kushoto lenye shokapu ya kulia liache hapo hapo.

Kisha isimamishe wima, ipampu mara nne au tano kutoa hewa iliyoingia ikiwa imelazwa, ndipo uipime. Ivute na kuisukuma ukibadilisha ghafla katikati. Ikiwa na sehemu tupu isiyo na uzito, mafuta ni pungufu. Muuzaji atakuonyesha rodi inavyopanda yenyewe. Hiyo inaonyesha kuna gesi tu, na gesi hata yeye anaweza kuijaza.

Kwenye kufunga, bolti za bushi za mkono wa chini zikazwe gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake. Zikikazwa mguu unaning'inia, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema, halafu duka litalaumu barabara zetu. Alaimenti ifuate siku hiyo hiyo.

Shokapu zako za zamani ondoka nazo, hata fundi akijitolea kukutupia, kwa sababu ndizo malighafi ya boksi linalofuata. Kabla ya kuziuza chuma chakavu, kata rodi kidogo kwa msumeno wa chuma mahali sili inapopita, zisirudi dukani.