Uzoefu wangu: Maktaba ya McMillan, Nairobi, kwa anayefuatilia habari za zamani

Wengi huingia McMillan kudurusu, na kwa hilo panafaa. Lakini hazina yake hasa ni magazeti ya zamani, na kwa anayetaka kujua mtaa wake ulianzaje au kesi fulani iliishaje, sijaona pa kuanzia pazuri zaidi katikati ya jiji.

Jengo liko Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia. Utalitambua kwa nguzo zake nene na sanamu za simba wawili kwenye lango. Lady Lucie McMillan alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki 1925, na shirika la Carnegie la Marekani likachangia fedha. Lilifunguliwa 1931, na 1938 likatungiwa sheria yake pekee. Kwa zaidi ya miaka 25 liliwahudumia Wazungu tu. Aliyetoka kuswali Jamia angeweza kuliona jengo lote, ila mlango haukuwa wake. Baraza la Jiji lilichukua usimamizi 1962.

Historia hiyo msomaji asiipuuze, kwa sababu imo ndani ya rafu. Vitabu vya kale vilichaguliwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, na magazeti ya Kiingereza ya enzi hizo yaliwataja Waafrika zaidi walipofikishwa mahakamani au walipogoma kazi. Ukimtafuta mtu wa mtaa wa Pumwani, Nairobi, wa miaka ya 1940, usianze na jina lake, maana mara nyingi halikuandikwa, na likiandikwa tahajia huwa imevurugika. Anza na tukio: mgomo, moto, mafuriko, kikao cha baraza la mji.

Barabara nazo zilibadilishwa majina. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Moi Avenue ilikuwa Government Road, Tom Mboya Street ikiitwa Victoria Street, na Kimathi Street ikiitwa Hardinge Street. Ukitafuta duka lililokuwa "Moi Avenue" mwaka wa 1950 utapekua mchana kutwa bure.

Nenda na tarehe. Ukimwambia mkutubi "nataka habari za uhuru" atakuuliza maswali kumi. Mwambie "magazeti ya Desemba 1963", mtaelewana mara moja. Kumbuka pia kwamba gazeti la asubuhi huchapwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo sherehe ya tarehe 12 itafute kwenye toleo la tarehe 13 na la 14. Beba kitambulisho, daftari na penseli. Kalamu ya wino iache mkobani, maana tone moja haliondoki.

Magazeti haya yamejalidiwa kuwa majuzuu makubwa na mazito. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mti uliosagwa lenye asidi, ndiyo sababu inageuka kahawia na kukatika pembeni kama mkate mkavu. Laza juzuu lote mezani, usiliegemeze kwenye mapaja. Geuza ukurasa kwa kushika kona ya juu, kiganja kikiutegemeza kwa chini, na usilambe kidole. Ukitaka kupiga picha omba ruhusa kwanza, zima flashi, na upige kwanza kichwa cha gazeti chenye tarehe ndipo upige habari yenyewe. Picha isiyo na tarehe haitakufaa ukifika nyumbani.

Kwa vitabu, jua namba za Dewey, yaani namba zinazopanga vitabu rafuni kwa mada. Historia ya Kenya iko 967.62, lugha ya Kiswahili 496.392, na fasihi yake 896.392. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima. Kiswahili kimebanwa mwishoni pamoja na lugha nyingine za Afrika. Mpangilio huo unaniudhi, lakini ndio unaotumika, na asiyeujua husema vitabu vya Kiswahili havipo. Kitabu kisipokuwa mahali pake, kagua rafu ya juu na ya chini, kisha meza za kusomea, kabla ya kuamini kimepotea. Katika maktaba yoyote, wasomaji wanaorudisha vitabu wenyewe ndio wanaowapotezea wenzao, kwa hiyo ukimaliza kiache mezani.

Ngazi za mbele ni nyingi. Mwenye kiti cha magurudumu au magoti mabovu atangulize mtu aulizie njia nyingine.

Mwenye watoto nitampeleka Eastlands, kwenye matawi ya maktaba hii ya Kaloleni na Makadara. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Huko mtoto yuko karibu na kwao, hahitaji nauli ya kuingia mjini, na anakuta vitabu alivyochaguliwa yeye. Ulizeni mapema siku za kusomewa hadithi, kwa kuwa ratiba hubadilika shule zinapofungwa.