Uzoefu wangu na kozi ya picha ya watoto: kamera sokoni, kamera jikoni

Kuna wazazi wanauliza kila mara kama hizi kozi za picha za watoto zina faida yoyote au ni njia tu ya kuwaweka bize likizo. Hii tuliyosoma sisi faida ipo, ila siyo ile waliyotangaza. Tangazo lilisema mtoto atatoka mpiga picha mahiri, haya, binti yangu wa miaka kumi hajawa mahiri wala nini. Alichopata ni uvumilivu wa kuangalia kitu kabla hajabonyeza, na mdomo wa kuongea na mtu mzima asiyemjua, mimi nikiwa hapo pembeni lakini. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipia.

Kozi iko hivi, watoto hawakai sana darasani. Wanatembea mtaani na mwalimu, wanachagua chakula kimoja cha pale pale halafu wanakifuata, kinatoka wapi, nani anakimenya, nani anakipika, nani anakula, mpaka sahani ibaki tupu. Mwisho kila mtoto anachambua picha zake, anabaki na chache, anazipanga zieleze habari bila maandishi. Hiyo kazi ya kuchambua ndo ngumu kuliko kupiga, nimeona watoto wanabishana na mwalimu mpaka machozi kwa sababu ya picha moja ya kitunguu.

Sasa kilichonifurahisha kupita vyote ni sheria ya picha sita. Ukitoka na kikundi una picha sita tu, basi, hakuna kufuta ukapiga nyingine. Watoto walinuna hiyo siku acha tu! Mwalimu akawaeleza kwamba mwaka 1900 Kodak walitoa kamera inaitwa Brownie, kiboksi cha karatasi ngumu, ilikuwa dola moja na ilitangazwa hasa kwa watoto, na filamu yake ya mwanzo ilikuwa inatoa picha sita tu, kwa hiyo watoto wa enzi hizo waliweza na nyie mtaweza. Na kweli ilifanya kazi. Binti yangu, ambaye nikimwachia simu anapiga picha hamsini za paka zote zinafanana, nilimwona anaizunguka sufuria upande huu na upande ule, anachuchumaa, anainuka, anasubiri mpishi afunue mfuniko ndo abonyeze. Alikosa mara ya kwanza, akasubiri tena.

Mi mwanzo nilijiuliza kwa nini chakula, kwa nini wasipige maua au majengo. Nimeelewa baadaye. Chakula hakikimbii wala hakioni aibu mbele ya kamera, ila hakikusubiri pia, mvuke unaisha, mboga inanyauka, mchuzi unaweka utando juu, so mtoto ana muda wa kufikiri lakini siyo wa kuzubaa. Halafu kinafundisha mwanga haraka sana. Cha kwanza waliambiwa wazime flashi, maana flashi ya simu iko karibu kabisa na lenzi, inapiga usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea, chakula kinakuwa bapa na mafuta yanang'aa vibaya. Wakahamia dirishani, mwanga ukitoka ubavuni unaona mpaka chembe za mkate. Mvuke nao una siri yake, huuoni vizuri mpaka mwanga utoke nyuma yake na nyuma kabisa kuwe na kitu cheusi. Wakazima na tyubulaiti, kwa sababu mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa rangi zinakuwa za ajabu, nusu kibluu nusu kijani. Haya mambo mi nimeishi miaka yote sikuyajua, sasa hivi ndo mtoto anakuja kunizimia taa napika.

Wale wakubwa kidogo walipewa kamera zenye kuseti spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Unga ukipulizwa kwa 1/500 ya sekunde unaona kila punje imesimama hewani, kwa 1/15 unaona ukungu tu. Wadogo walibaki na simu na vishikwambi, na kwa kweli hawakupungukiwa kitu. Sahani pana piga kutoka juu, glasi au mikate iliyopangana shuka usawa wake, usiisogelee sana na simu maana umbo linapinda, rudi nyuma kidogo uzumu mara mbili. Na futa lenzi! Mtoto ameshika chakula kashika na simu, halafu mnashangaa kwa nini picha zina ukungu.

Upande wa watu ndo walifanya vizuri zaidi kuliko nilivyotegemea. Hakuna kupiga mtu kwa kuibia. Unasalimia, unasema wewe ni nani na unataka nini, ukipiga unamwonyesha, akikataa unashukuru unaondoka. Kuna mama mmoja muuzaji alikataa sura yake isipigwe, akasema mikono sawa. Ile picha ya mikono, na kisu, na maganda yanaanguka, ndo ilikuwa kali kuliko zote za kikundi kizima, na mwisho wa kozi watoto wakampelekea imeprintiwa. Nimesoma baadaye kwamba njia hii ya kumpa mtoto kamera apige maisha yake mwenyewe siyo ngeni, mpiga picha mmoja Mmarekani, Wendy Ewald, alianza kuifanya na watoto wa milimani Kentucky, Marekani, toka mwaka 1975, walikuwa wanapiga familia zao, wanyama wao, mpaka ndoto zao.

Haya tuje kwenye lawama, maana zipo. Kikundi kilikuwa kikubwa mno. Watoto wote hao wakivamia kibanda kimoja cha chakula muuzaji anafanyaje kazi? Wateja walikuwa wanakosa pa kupita, na mzee mmoja alituambia wazi tumemharibia biashara asubuhi ile, na alikuwa na haki. Wangegawanya makundi mawili au waende saa ambayo watu ni wachache.

La pili lilinikera zaidi. Picha za watoto waliziweka kwenye tovuti yao zikiwa bado na taarifa za mahali ndani yake, zile ambazo simu inazihifadhi yenyewe mtu akiwa amewasha lokesheni, yaani mtu akishusha picha iliyopigwa jikoni kwangu anapata ramani ya nyumbani. Nilipowaambia wakazitoa, sawa, lakini kwa watu wanaofanya kazi na watoto hilo lilitakiwa liwe somo la siku ya kwanza. Zimeni lokesheni kwenye kamera ya simu kabla mtoto hajatoka nayo, msisubiri mtu awakumbushe.

Somo la kuediti nalo lilikuwa jepesi, waliachiwa tu wachezee filta, matokeo yake nyanya zinawaka kama taa za gari. Binti yangu anazipenda hizo picha, mi siwezi kuziangalia mara mbili.

Kuhusu umri wanasema kuanzia miaka sita, mi ningesema nane. Wale wadogo kabisa walichoka njiani wakaanza kula walichotakiwa kukipiga.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mdogo wake naye anataka, nitamwandikisha wakipunguza kikundi. Na nyie kabla hamjalipa ulizeni vitu viwili tu, mwalimu mmoja anabeba watoto wangapi, na picha zikishapigwa zinakaa wapi na nani anaziona.