Kung'oa gego la mwisho lililolala: uzoefu wangu

Nianze na jambo moja: kama taya linavimba kwa sababu ya gego la mwisho, dawa zinatuliza tu. Langu lilikuwa limechomoza nusu, nusu nyingine imefunikwa na fizi, na chakula kinajificha humo. Shavu likajaa, mdomo ukagoma kufunguka, hata kijiko cha uji kilipita kwa taabu. Nikatumia amoksilini na flajili, nikasukutua maji ya chumvi, uvimbe ukashuka. Haukukaa sana, ukarudi palepale.

Ndipo nikaenda kliniki moja binafsi ya meno hapa Dar. Kilichonifurahisha ni kwamba daktari hakukimbilia koleo. Alisema usaha upungue kwanza, maana penye uvimbe ganzi haishiki vizuri. Kisha picha ya taya zima. Akanigeuzia skrini: jino limelala ubavu, linamsukuma jirani yake, na mizizi imekaribia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. "Dada, kuna uwezekano mdogo mdomo wa chini ukabaki na ganzi. Bora ulijue sasa hivi."

Siku ya kung'oa, sindano ndiyo iliyouma. Baada ya hapo alichana fizi, akachonga mfupa kidogo, akakata jino na kulitoa vipande vipande. Maumivu sikusikia, ila ule mlio wa jino kupasuka unausikia ndani kabisa ya kichwa, mjiandae. Nikashonwa, nikapewa gozi ya kung'ata.

Sasa mapokezi. Bei waliyonitajia kwenye simu ilikuwa ya kung'oa jino la kawaida. Picha na upasuaji nikavikuta kwenye risiti. Halafu karatasi ya masharti ni Kiingereza kitupu. Mama ndiye aliyekuwa ananiuguza, na alishaniandalia juisi na mrija, wakati mrija ndio umekatazwa! Ukifyonza, au ukitema mate kwa nguvu, damu iliyoganda kwenye shimo inang'oka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake wanaoyajua hawayasahau. Nikanywa mtori uliopoa, kwa kijiko.

Mdomo wangu uko sawa, hauna ganzi. Daktari nampa tano kwa tano, mapokezi mbili. Ila uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukawa shida, achana na miadi ya kliniki, nenda hospitali kubwa usiku huohuo.