TAHADHARI: Wazazi wa Mtwara na Lindi, kuna watu wanauza nafasi za shule ambazo hazipo

Wazazi na walezi, msimu wa kuandikisha watoto umeingia, na huku kwetu unakwenda sambamba na msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba, malipo ya wakulima yanaingia, na matapeli wanaijua kalenda hiyo vizuri. Kuanzia hapo hadi shule zinapofunguliwa Januari ndipo wanapowinda, iwe unakaa Chikongola, Chuno, Mikindani, Masasi au Nachingwea.

Wa kwanza ni dalali wa nafasi. Anapiga simu akijitambulisha kuwa ni mhasibu au mwalimu wa taaluma wa ingilishi midiamu inayofahamika mjini. Namba yako ameiokota kwenye grupu la WhatsApp ulikouliza habari za shule. Anakwambia nafasi za awali zimebaki mbili, usaili ni keshokutwa. Hela ya kwanza huwa ndogo, tuseme 20,000 ya fomu. Ukituma, fomu inakuja kweli, na hapo ndipo mzazi anapoamini. Baadaye inadaiwa ya usaili, kisha ya kushikilia nafasi, na hiyo ya mwisho ndiyo inayoondoka na laki kadhaa.

Hiyo fomu ikuzeni kwenye simu muitazame vizuri. Mara nyingi ni fomu halisi ya mwaka uliopita, imepigwa picha na mwaka ukabadilishwa. Palipokuwa na akaunti ya benki pamebandikwa namba ya simu, na tarakimu zake ni nene au nyembamba kuliko maandishi mengine. Muhuri nao umefifia sawasawa na karatasi yenyewe, hauonekani kama wino uliogongwa juu yake. Halafu kuna jambo moja ambalo tapeli hawezi kulificha: kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuletea jina la anayepokea pesa. Likija jina la mtu badala ya jina la shule, ghairi. Atasema huyo ni mke wa mkurugenzi, au lipa namba ya shule leo inasumbua. Ghairi tu.

Shule za serikali hazina ada wala fomu ya kununua, kuanzia awali, na utaratibu huo upo tangu Januari 2016. Anayetaka hela ili mwanao aandikishwe darasa la kwanza shule ya serikali anakuibia, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Mtego wa pili unaumiza zaidi, kwa sababu haugunduliki kwa siku mbili. Unakuja kuonekana baada ya miaka. Ni nyumba ya kupanga iliyopakwa rangi, ukutani kuna herufi na picha za wanyama, getini bango la shule ya awali na msingi. Ukiulizia usajili unaoneshwa cheti kilichowekwa kwenye fremu. Kisome mpaka mwisho. Kikiwa kimetoka Ustawi wa Jamii, hicho ni cha kituo cha kulelea watoto mchana. Vituo hivyo vina kazi yake nzuri, lakini cheti hicho hakitoi ruhusa ya kufundisha darasa la kwanza. Shule husajiliwa Wizara ya Elimu, kwa Kamishna wa Elimu, na hupewa namba ya usajili. Angalia pia imesajiliwa kwa ngazi gani: wapo wenye kibali cha awali peke yake, nao wanapandisha watoto hadi darasa la pili na la tatu.

Mtoto wa shule isiyosajiliwa haingii kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani unaotunza taarifa za wanafunzi wa msingi. Bila namba ya PReM hasajiliwi kwenye upimaji wa darasa la nne, na hata uhamisho wake unakwama. Ili kuficha hilo, baadhi yao humpachika mtoto kwenye shule nyingine: anasoma hapa, jina liko kule. Siku wenye shule hizo wakikosana, mzazi ndiye anayehangaika kulitafuta jina la mwanawe. Kwa hiyo omba uoneshwe namba ya PReM ya mtoto, na uone imeandikwa chini ya shule gani.

Kuhakiki hakugharimu kitu. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, au ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya, uwatajie jina la shule. Kama shule inajisifia ufaulu, fungua matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA): namba za shule za msingi za Mtwara huanza na PS12, za Lindi PS08. Shule changa isiyo na darasa la nne hutaiona huko, hiyo ihakiki ofisini. Ada ilipwe benki kwenye akaunti yenye jina la shule, kisha urudi na slipu upewe stakabadhi yenye jina la mtoto na muhula. Hela ya basi usiitoe kabla hujaliona gari lenyewe.

Ukiwa umeshatuma, usipoteze muda kubishana na tapeli. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo ukiwa na namba ya muamala. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa. Usifute meseji hata moja. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo, kisha nenda polisi ufungue taarifa upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Akitokea mtu wa kukuahidi kuirudisha hela yako ukimlipa kidogo kwanza, mkatie simu, huyo ni mwenzao.

Na mtoto asikae nyumbani kwa sababu mzazi anaona aibu. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, mpeleke shule ya msingi ya serikali iliyo karibu ukaonane na mwalimu mkuu, hata kama masomo yameshaanza.