Mota ya geti: ile namba moja wanayokutajia dukani haitoshi

Mota yangu ya kwanza ya geti ilidumu miezi minne. Muuzaji wa Kariakoo aliniambia, "Inasukuma kilo 150, dada, geti litafunguka kama pazia." Likafunguka kweli. Masika yalipoingia shafti, ule mkono wa chuma unaosukuma geti, ikapinda kama ndizi, sili inayozuia maji pale shafti inapotokea ikachanika, maji yakajaa ndani. Nikarudi dukani, nikaambiwa garantii haihusu "matumizi mabaya". Matumizi yangu mabaya ni kubonyeza rimoti.

Rangi, kelele na rimoti ngapi, kaulize kwingine. Mimi nazungumzia mota zenye mkono huo, zile za mageti yanayofunguka kama mlango, na mizigo yake mitatu. Dukani wanakutajia mmoja tu: inasukuma kiasi gani ikiwa kwenye mwendo. Wa pili ni wa kushikilia, mota imezimwa na upepo unalibamiza geti. Wa tatu, ulioniliza mimi, ni mzigo wa ubavuni.

Shafti hutoka na kurudi kwa mstari ulionyooka, basi. Bawaba zikilegea geti likalala hata kidogo, shafti inabebeshwa uzito usio wake, tena kutoka pembeni. Kwangu fundi alichomelea kishikio cha mota cha nguzoni juu kuliko cha getini. Kabla hujamlipa fundi, chomoa pini ya mbele, mota ukiishika kwa mkono. Tundu la shafti likae sawa na tundu la kishikio lenyewe, geti likiwa limefungwa na likiwa wazi. Ukilazimika kusukuma au kunyanyua ndipo pini iingie, mwambie akate achomelee upya.

Upepo nao, ule mzigo wa kushikilia, usiudharau. Upande mmoja wa geti la bati zima, mita 2 kwa 2, ukipigwa na upepo wa mita 15 kwa sekunde unapokea karibu nyutoni 550. Nguvu hiyo inakaa katikati, mita 1 kutoka bawaba, wakati mota imefungwa sentimita 30 tu kutoka bawaba hiyo hiyo. Piga hesabu: inapita nyutoni 1,800. Kilo 150 za yule bwana ni nyutoni kama 1,500. Geti la nondo lingeupitisha upepo, lakini nani Dar anataka jirani aone uani kwake?

Chaguo langu ni Centurion Vector2 ya Afrika Kusini, na sifichi kwamba naipendelea. Inatumia betri ya volti 12, umeme ukikatika unaingia ndani bila kushuka kwenye gari, na geti likigonga kitu inajisimamisha. Ya pili ni FAAC za haidroli kutoka Italia. Ni imara, ila nyingi zinataka umeme wa volti 230. Umeme ukikatika unatafuta ufunguo wa kufungulia kwa mkono. Zisizo na jina: labda kwa geti dogo la waenda kwa miguu.

Halafu hawa wauzaji wa "bei njoo inbox"! Nimemwomba mmoja karatasi ya vipimo, nione mota inashikilia kiasi gani ikiwa imezimwa. Akanitumia picha ya boksi. Nikamuuliza tena, akatuma boksi lile lile, upande wa pili.