Pawabenki nyembamba: ya kuanza nayo, na ya kuiacha dukani

Pawabenki yangu ya kwanza niliipendea maandishi: "50000mAh" (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na bado nyepesi utadhani ganda tupu. Tulipofika Chalinze simu ilikuwa imepanda asilimia 30 tu, pawabenki ikazima. Siku hizi naipima kwa mkono kwanza. Betri ya lithiamu ina uzito wake. Ya 10,000mAh za kweli hukaribia gramu 200. Ukiambiwa 30,000 na mkononi haizidi simu yako, irudishe kabatini kwa muuzaji.

Namba moja kwangu ni hiyo ya 10,000, yenye USB-C ya wati 20 au zaidi na waya wake mwenyewe. Inakaa mfukoni, na hutaomba waya wa watu stendi. Ila usihesabu 10,000 yote. Hizo ni za betri ya ndani yenye volti 3.7, umeme ukipandishwa hadi volti 5, na mwingine ukapotea kwa joto, unabaki na kama 6,000. Simu ya 5,000 itajaa mara moja na chenji kidogo.

Ya pili wala si pawabenki: chaja ndogo ya ukutani ya GaN (teknolojia inayofanya chaja yenye nguvu iwe ndogo), wati 65, matundu mawili. Anayefanyia kazi kwenye mikahawa atachaji simu na kompyuta mpakato kwa chaja moja. Pini tatu bapa zinatosha Tanzania, Kenya na Uganda. Ukienda Bujumbura beba adapta ya pini mbili za duara.

Ya tatu, 20,000 yenye PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kupitia USB-C) ya wati 65, kama lazima uchaji kompyuta barabarani. Nyembamba haiwi, asikudanganye mtu.

Ya sumaku ya 5,000, inayonata nyuma ya simu na kuichaji bila waya, naiweka mwisho: inapendeza, lakini inapoteza chaji nyingi kwa joto kuliko ya waya. Za sola ndogo, pita.

Kwenye ndege pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na kawaida isizidi Wh 100 (Wh ni wati-saa: mAh mara volti, gawa kwa 1,000). Ya 10,000 ni Wh 37, ya 20,000 ni Wh 74. Wa Dubai mjue: tangu Oktoba 1, 2025 Emirates inaruhusu moja tu kwa abiria, na kuitumia angani ni marufuku. Kiasi cha chaji kilichoandikwa juu yake lazima kisomeke, kwa hiyo maandishi yakianza kufutika, yabandikie selotepu mapema.